Fedha Iliyo Fedha Kweli



Katika Kiswahili chetu neno "fedha" lina kazi mbili. Kwanza ni jina la madini meupe yang'aayo, ambayo mafundi hutengenezea pete, bangili na vikombe vya altare. Pili ni jina la pesa zote, hata noti ya karatasi, hata pesa za kwenye simu ambazo hazishikiki mkononi. Mambo haya mawili hayakupata jina moja bure. Zamani pesa kubwa ilikuwa fedha kweli. Mtu aliyepokea rupia alipokea kipande cha madini. Na hata kama serikali iliyoipiga chapa ingeanguka kesho yake, kipande kile kingebaki na thamani yake.

Leo sivyo. Sarafu yetu ya shilingi 500, iliyotolewa mwaka 2014, ni chuma kilichopakwa nikeli. Thamani yake yatoka katika sheria ya nchi na katika kuaminiana kwetu, wala si katika madini yake. Hilo si baya. Ndivyo zilivyo sarafu za matumizi karibu duniani kote. Lakini fedha ya zamani haikwisha yote. Ingali imo katika makopo ya majani ya chai, katika vibweta vya mabibi, na katika pindo za vitambaa vilivyofungwa miaka mingi.

Juma hili nataka tuzungumze juu ya sarafu hizo: zipi ni fedha na zipi sizo, thamani yake hupatikanaje, na tena ni mali ya nani. Nazungumza kwa sababu kutojua mambo haya kumekwisha kuwatia watu wa vijiji vyetu hasara, na hasara yenyewe si ndogo.

Jambo lililotokea

Katika kijiji kimoja upande wa Makambako yuko mama mjane aliyeachiwa na baba mkwe wake kopo la sarafu za kale. Mwezi wa saba, mahindi yakiwa yamekwisha kuvunwa, akaja mtu aliyevaa vizuri, mwenye maneno ya upole. Alisema kwamba anatafuta "rupia za Mjerumani" kwa niaba ya matajiri wa nje. Mama akamwaga kopo mezani. Yule mtu akaokota shilingi moja yenye picha ya simba, akaishika juu, akasema: "Mama, hii ndiyo yenyewe. Hii huvuta mchele. Bei yake ni milioni 400."

Ila, akasema, haiwezi kununuliwa mpaka isafishwe kwa dawa, na dawa ni shilingi 180,000. Mama na mwanawe wa kiume wakauza magunia matatu ya mahindi. Mahindi yale yalikuwa ya kununulia godoro, sanduku na sare za binti aliyechaguliwa kwenda shule ya bweni. Mgeni akapokea pesa, akaifunga ile shilingi ya simba katika kitambaa chekundu, akawaamuru wasikifungue siku saba. Kisha akazichukua sarafu nyingine nne, "hizi chafu", akasema atakwenda kuzipima mjini. Hakurudi.

Walipoleta kitambaa kile ofisini kwetu, tukakifungua. Shilingi ilikuwa imeandikwa mwaka 1952. Ndugu msomaji, shilingi ya mwaka 1952 haina fedha hata chembe. Nikamwuliza mama zile nne zilizochukuliwa zilikuwa na picha gani. Akajibu: "Kichwa cha mtu mwenye masharubu, na kofia yenye ndege juu yake." Hizo zilikuwa rupia za Kidachi, na rupia ya Kidachi ni fedha karibu tupu. Basi mwizi alijua alilolifanya. Aliichukua fedha, akawaachia nikeli, na juu ya hayo akalipwa ujira kwa kazi hiyo.

Shauri lao liko kwa serikali ya kijiji na polisi. Mimi nataka tu lisitokee tena katika nyumba nyingine.

Zilifikaje huku kwetu?

Wengine huuliza sarafu za pwani zilifikaje katika milima ya baridi kama Njombe. Zilifika kwa njia tatu: biashara, kodi na kazi.

Kabla ya Wadachi, yaani Wajerumani, wafanya biashara wa misafara walijua reale ya fedha yenye kichwa cha Maria Theresa, malkia wa Austria. Reale hiyo huandikwa mwaka 1780 siku zote, maana huo ndio mwaka aliokufa malkia huyo. Baadaye waliendelea kuipiga chapa kwa mwaka uleule. Kwa hiyo mtu asikudanganye kwamba reale yako ina umri wa zaidi ya miaka 200 kwa sababu tu imeandikwa 1780.

Tangu mwaka 1890 kampuni ya Kidachi ya Afrika ya Mashariki ilipiga rupia zake, zenye kichwa cha Kaisari Wilhelm wa Pili upande mmoja, na simba na mnazi upande wa pili. Rupia moja ilikuwa pesa 64. Mwaka 1904 serikali ya Kidachi ilishika jambo hilo yenyewe, ikatoa rupia mpya ya heleri 100. Kodi ya nyumba ilikuwa imeanza mwaka 1898, rupia 3 kwa nyumba ya kijijini. Basi mtu asiyekuwa na rupia ilimpasa aitafute, na mahali pa kuitafuta palikuwa mbali: katika mashamba na kazi za wageni.

Baada ya vita ya kwanza ya dunia Waingereza walileta shilingi ya Afrika ya Mashariki, iliyotumika Kenya, Uganda na Tanganyika. Ndizo shilingi za simba. Katika miaka hiyo watu wengi wa Ubena na Ukinga walikwenda Tanga na Morogoro kukata mkonge. Waliitwa manamba. Mtu alifanya kazi siku 30 za kipande chake, akalipwa. Alichokibakiza alikifunga katika kitambaa, akarudi nacho kwa miguu na kwa lori. Wengi wa mababu waliotuachia makopo walizipata sarafu zao kwa jasho la namna hiyo. Yafaa tukumbuke jambo hilo kabla ya kumpa mgeni kopo zima.

Zipi ni fedha na zipi sizo

Sasa chukua kopo lako, keti mahali penye mwanga, ukatazame nami moja moja.

Kwanza, reale ya Maria Theresa. Ni kubwa na nzito, gramu 28. Fedha iliyomo ni kama gramu 23.4.

Pili, rupia ya Kidachi, ya kampuni au ya serikali, ya miaka kati ya 1890 na 1914. Uzito wake ni gramu 11.66, na katika sehemu 1,000 za uzito huo sehemu 917 ni fedha. Maana yake ndani yake mna gramu 10.7 za fedha. Nusu rupia ina gramu 5.35, robo rupia ina gramu 2.67. Rupia za Kihindi za Malkia Victoria na za Mfalme Edward wa Saba zina uzito uleule na fedha ileile, maana Wadachi walizifuata hizo walipotengeneza za kwao.

Tatu, shilingi ya simba. Hapa ndipo penye mtego. Shilingi za mwaka 1921 hadi 1925, za Mfalme George wa Tano, na za mwaka 1937 hadi 1946, za George wa Sita, zina fedha robo tu. Robo tatu ni madini mengine. Uzito wake ni gramu 7.78, basi fedha ni gramu 1.94. Thumuni, yaani senti 50 yenye simba, ya miaka hiyo ina nusu yake, karibu gramu 1. Lakini shilingi na thumuni za simba zilizoandikwa 1948 mpaka 1952 ni shaba iliyochanganywa na nikeli. Simba ni yuleyule, mlima ni uleule, rangi ni nyeupe vilevile, fedha haimo. Msomaji, soma mwaka kwanza, simba baadaye.

Nne, zisizo fedha kabisa. Senti zenye tundu katikati, ambazo wazee walizitunga katika uzi, si fedha. Heleri si fedha: nyingine ni shaba, nyingine za tundu ni shaba na nikeli. Heleri 20 yenye taji, herufi D.O.A. na mwaka 1916 ilipigwa Tabora wakati wa vita, meli za Ulaya zilipokuwa haziwezi kuleta pesa. Nyingine ni za manjano, na watu wengi wamezidhani dhahabu. Ni shaba nyeupe tu, yaani ile ya maganda ya risasi na mizinga.

Iko kweli sarafu moja ya dhahabu ya Tabora ya mwaka huohuo wa 1916, ya rupia 15, yenye picha ya tembo. Dhahabu yake ilitoka Sekenke. Zilipigwa kama 16,000 tu, na wakusanyaji wa sarafu huzitafuta sana. Lakini aliye nayo haambiwi asafishe kwa dawa. Anaambiwa apeleke kwenye mizani.

Nayo habari ya kuvuta mchele je? Mchele si chuma. Hakuna sarafu ya fedha, ya shaba wala ya dhahabu iwezayo kuuvuta. Ukiona mchele umevutwa, ujue ni kiini macho, na mwenye kuufanya anatazama mfuko wako wakati wewe unautazama mchele. Hata sumaku haiivuti fedha. Ikiwa sarafu inayoitwa rupia yashikwa na sumaku, hiyo ni chuma kilichopakwa rangi. Lakini isiposhikwa, usifurahi bado, kwa kuwa shaba na nikeli iliyochanganywa na shaba nazo hazishikwi. Sumaku yaweza kukuonyesha uongo mmoja. Ukweli wote huonyeshwa na mwaka, uzito na fundi.

Hesabu ya darasa la nne

Katika chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba mtoto akishindwa hesabu, mpe vitu avishike. Basi shikeni sarafu.

Bei ya fedha hupanda na kushuka kila siku katika masoko ya dunia. Sonara aijua, na kijana mwenye simu aweza kuiona. Ulizia bei ya gramu moja kwa siku hiyo. Kwa mfano tu, tuseme gramu moja ni shilingi 3,000. Chukua gramu za fedha zilizomo, zidisha kwa 3,000.

Rupia moja: 10.7 mara 3,000, yaani shilingi 32,100. Nusu rupia: 16,050. Reale: 70,200. Shilingi ya simba ya mwaka 1924: 5,820. Shilingi ya simba ya mwaka 1952: sifuri.

Sonara hatakupa bei hiyo yote, maana naye ana kuyeyusha, ana kodi na ana faida yake. Mkusanyaji wa sarafu aweza kukupa zaidi ikiwa sarafu ni adimu na haikuchakaa. Lakini kwa hesabu hii wajua umesimama wapi. Mtu akikupa shilingi 500 kwa rupia, wajua amekudhulumu. Akikuahidi milioni 400 kwa shilingi ya simba, wajua anataka kukuibia. Uongo wa kwanza hupunguza, wa pili huongeza, na yote miwili hufa mbele ya mizani.

Yule mama alipokonywa rupia nne. Kwa bei hiyo ya mfano ni shilingi 128,400. Ongeza 180,000 za "dawa", jumla ni 308,400. Hiyo ndiyo hasara ya nyumba moja kwa siku moja, bila kuhesabu machozi ya binti.

Swali la kijana wa Makambako

Kijana mmoja wa sekondari amesikia kwamba huko Marekani watu huenda benki, huchukua sarafu zilizofungwa katika karatasi, huzifungua nyumbani na kuokota za fedha. Ameuliza: "Karani, kwa nini nasi tusifanye hivyo Makambako na Njombe?"

Habari aliyoisikia ni ya kweli. Huko Marekani sarafu ya senti 10, ya senti 25 na ya nusu dola zilikuwa fedha sehemu 90 katika 100 mpaka mwaka 1964. Bei ya fedha ikapanda, na mwaka 1965 Rais Lyndon Johnson akatia sahihi sheria ya kuiondoa katika senti 10 na 25. Nusu dola ikabaki na fedha sehemu 40 katika 100 mpaka mwaka 1970. Lakini zile za zamani hazikukatazwa. Mpaka leo ni pesa halali. Basi huingia benki pamoja na nyingine, pengine kwa mkono wa mtoto aliyevunja akiba ya babu yake bila kujua.

Mwenye kutafuta huenda na dola 10, hupewa karatasi yenye nusu dola 20. Hutazama ukingo wa kila moja. Yenye mstari mwekundu wa shaba ukingoni ni mpya; yenye ukingo mweupe mtupu huiweka kando. Zilizobaki hurudisha, na kesho huanza tena. Wako ambao hufungua karatasi mia wasipate hata moja.

Tena huko, katika maduka, kuna mashine ambazo mtu hummwagia sarafu zake zikahesabiwa. Mashine hupima ukubwa wa sarafu na namna ya madini yake. Ikikuta sarafu isiyofanana na zile ilizofundishwa, huitema katika kisahani kidogo. Sarafu ya fedha mara nyingi hutemwa hivyo, na mwenyewe akiwa na haraka huiacha palepale. Basi wako watu ambao hawapiti mashine hizo bila kuchungulia kisahani.

Kwetu haifai, na sababu ni rahisi. Shilingi za simba ziliondolewa katika matumizi baada ya Benki Kuu ya Tanzania kufunguliwa mwaka 1966. Shilingi yetu ya kwanza ya mwaka huo, yenye kichwa cha Mwalimu Nyerere na mkono ulioshika mwenge, ni shaba na nikeli. Haikuwa fedha hata siku moja. Mwaka 1974 zilitengenezwa sarafu za fedha za shilingi 25 na 50 zenye picha za wanyama wa porini, lakini hizo ziliuzwa kwa wakusanyaji, hazikununua chumvi sokoni. Kwa hiyo, kijana wangu, ukifungua mfuko wa sarafu 1,000 za mabasi na maduka ya Makambako, utapata sarafu 1,000 za mabasi na maduka. Utamchosha karani wa benki, na nauli yako itakwisha.

Jambo hili lina jina la mtu. Wataalamu wa uchumi huliita kanuni ya Gresham, kwa jina la Thomas Gresham, mfanya biashara wa London wa karne ya 16. Pesa duni na pesa bora zikitembea pamoja kwa bei moja, watu huitumia duni na kuificha bora. Ndiyo maana fedha yetu haiko benki. Iko kwa bibi yako.

Kapu la sadaka

Hata hivyo, pako mahali pamoja ambapo fedha ya kale bado huweza kutokea katikati ya pesa za leo, napo ni katika kapu la sadaka. Sisi tunaohesabu huwa watatu mezani, mmoja anahesabu, wa pili anahakikisha, wa tatu anaandika. Jumapili moja, katikati ya mia na mia mbili, ikatokea sarafu ndogo nyeusi. Tulipoifuta kwa kitambaa tukaona kofia yenye ndege. Ilikuwa nusu rupia.

Mmoja wetu, kijana mwema wala si mwizi, akasema: "Weka mia yako uichukue, karani. Hesabu haitapungua."

Neno lake lastahili kujibiwa, kwa maana wengi wangesema hivyo bila nia mbaya. Ni kweli, sarafu ile haikuwa pesa halali. Dukani isingenunua hata kiberiti. Lakini tumekwisha kuona kwamba nusu rupia, kwa bei ya mfano wetu, ni shilingi 16,050. Mwenye kutoa mia na kuchukua elfu kumi na sita hakubadilisha pesa. Amechukua. Kwamba daftari halitaonyesha pengo hakumfanyi awe mwaminifu; kunaonyesha tu kwamba daftari halioni madini.

"Lakini wale wa Marekani je? Si nao hutoa dola 10 wakachukua yenye thamani zaidi?" Hawa si sawa na sisi. Benki yajua kwamba fedha yaweza kuwamo, ina haki ya kutazama, nayo imekubali kutoa sarafu zake kwa bei iliyoandikwa juu yake. Mteja ni mgeni, benki ni mwenye mali, wamepatana mchana kweupe. Mhesabu sadaka si mteja. Mali si yake kuiuzia nafsi yake. Amewekwa pale kwa sababu watu hawawezi kuingia wote wakatazame. Haki ya kujinunulia hana, hata kwa bei nzuri, mpaka wenye mali wajue.

Tena liko jambo la mtoaji. Aliyetoa bila kujua anachokitoa, je, ametoa? Tulimwomba paroko atangaze baada ya Misa kwamba kumeonekana sarafu ya kale, na mwenyewe aje aeleze picha yake. Akaja bibi mmoja akiwa ameongozana na mjukuu wake wa darasa la pili. Asubuhi ile mama wa mtoto hakuwa na pesa ndogo, basi mtoto akafungua kibweta cha bibi akachukua sarafu, asiende mikono mitupu. Hakuna aliyemkaripia. Bibi aliieleza nusu rupia yake vizuri kuliko sisi tulioishika. Akairudisha katika kitambaa, na Jumapili iliyofuata akaleta debe la viazi, akasema hiyo ndiyo sadaka yao wawili.

Kama mwenyewe asingepatikana, ingeandikwa katika daftari kwa mstari wake: "nusu rupia ya Kidachi, moja." Ingeonyeshwa kwa paroko na kamati ya fedha, ikauzwa kwa sonara kwa stakabadhi, na pesa zikaingia zilimokusudiwa. Nawasihi makarani na wahazini wenzangu wa jumuiya, wa vikundi vya kuweka na kukopa, na wa vyama vya mazao: vyote viokotwavyo mezani viandikwe palepale mezani.

Mambo ya kushika

Nafupisha kwa wale watakaolisomea gazeti hili nyumba nzima.

1. Usiisugue sarafu ya kale kwa mchanga, majivu wala limau. Unaondoa sura yake, na mkusanyaji hupunguza bei. Kitambaa kikavu chatosha.

2. Andika katika karatasi kila sarafu iliyomo katika kopo: picha yake, mwaka wake, na ngapi. Piga na picha kwa simu ya kijana. Karatasi ikae mbali na kopo.

3. Usitoe pesa ili uuze kitu chako. Mnunuzi wa kweli hulipa, halipwi. Anayetaka pesa ya dawa, ya kupima, ya kibali au ya safari, mfungulie mlango atoke.

4. Usimpe mtu sarafu aende nayo kupima. Nenda nawe. Mwone sonara wa kwanza, umwulize bei ya gramu na uzito. Kisha mwone wa pili. Wakipishana sana, mtafute wa tatu.

5. Msichimbe chini ya miti na nyumba za kale mkitafuta mali za Wadachi kwa maneno ya mtu aliyeota ndoto. Mmomonyoko mmeupata, shamba la viazi mmelipoteza, na aliyewachimbisha amekwisha kula kuku wenu.

6. Kopo la marehemu ni urithi. Asiuze mmoja kwa siri. Iteni ndugu wote, wa kiume na wa kike, hesabuni mbele yao, ndipo mkate shauri: kuuza, kugawana, au kuhifadhi moja kwa ajili ya wajukuu. Rupia nne zimekwisha kuwafarakanisha ndugu ambao hata shamba la ekari kumi halikuwafarakanisha.

Nyumbani kwa yule mjane binti amekwisha kwenda shule, maana jumuiya yao ilichanga godoro na sare, na mjomba akatoa sanduku. Lakini mahindi yamekwisha kuliwa na mwizi, na kaka yake binti amekwenda kufanya kibarua cha kupakia mbao mjini ili kuyarudisha. Mwambieni jirani habari hii leo, kabla mgeni mwenye maneno ya upole hajafika mlangoni kwake.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya namna ya kuandika wosia mfupi nyumbani, maana makopo mengi yana mali lakini hayana karatasi.

Karani wenu.